Wito wa Mwisho

Winterthur, saa tisa kasorobo usiku. Theluji
inashuka kama haina pa kwenda.
Regula Brändli yuko zamu, ghorofa ya tatu,
soksi za sufu, chai imepoa,
na mbele yake skrini nyeusi, herufi za kijani,
inayomtajia kila alaye muda, na kiasi alichokula.

Ndani ya hifadhidata, shwari.
Maswali yaingia, majibu yatoka,
wastaafu laki nne wamepangwa safu kwa safu,
kila mmoja na tarehe yake ya kuzaliwa.
Ila kuna muda unaopotelea nje.
Ndivyo kipimo kisemavyo: nje.
Swali hutoka, huvuka ua,
hubisha chumba cha jirani wanakoishi
vitendakazi tulivyojiandikia wenyewe,
wageni waliopewa ufunguo,
na huko husubiri.

Jana dakika kumi na moja.
Juzi tisa. Wiki iliyopita sita na ushei.
Haba na haba, na kibaba kiko ukingoni.

Anawasha ufuatiliaji. Si kwa wote;
ufuatiliaji nao una tumbo,
na ukimwekea kila mtu askari
askari ndio watakaomaliza posho.
Anachagua kimoja, jina herufi nane,
maana zamani jina halikuruhusiwa kuzidi nane:
WITWRENT,
pensheni ya wajane kwa Kijerumani kilichokabwa koo.

Kila mjane, wito mmoja.
Wito wa kwanza: hufungua kidaftari chake,
huandika pa kuanzia.
Wito wa kati, wa kati, wa kati, elfu sitini na tatu:
huzidisha, hugawa, hukumbuka.
Kisha mfumo hukiita mara ya mwisho,
si kwa hesabu, kwa adabu tu:
tumemaliza, rudisha ulichoazima.

Nacho hakikatai, hakiitiki.
Hupita, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.
Kidaftari hubaki wazi. Kesho kingine.
Kesho kutwa kingine.
Chumba cha jirani kimejaa vidaftari
vya wajane waliokwisha kuhesabiwa.

Anafungua msimbo. Koboli, mistari mia mbili na kumi.
Juu: U. Hunziker, Novemba 1999.
Chini, mahali pa wito wa mwisho,
maelezo ya mstari mmoja:
Hapa bado. Nitarudi Jumatatu.

Regula anacheka peke yake, kisha anaacha kucheka.
Novemba ile kila mwenye vidole
aliitwa kwenda kulinda sifuri mbili za mwaka.

Saa mbili asubuhi anapiga simu Seuzach, nyumba ya wazee.
Muuguzi anapeleka simu. Sauti ina mkate mdomoni.
"Nani? Aa, huyo. Angali kazini?"
"Kila usiku, Herr Hunziker."
"Na rapeni? Anazipandisha hadi tano ya juu?"
"Daima ya juu."
"Hilo msiliguse." Anatafuna. "Mama alikuwa akizihesabu."
Kuhusu Jumatatu hakumbuki chochote.

Mistari sita ilitosha:
ukiitwa mara ya mwisho, funga kidaftari,
rudisha nafasi, toka.
Rapeni hakuzigusa.
Usiku uliofuata, nje: sekunde arobaini na moja.
Meneja Caduff akaandika "Safi", na nukta.

Yale maelezo hakuyafuta.
Kidole kilikaa juu ya kitufe, kikaondoka.
Chini yake akaongeza, kwa herufi zilezile za kijani:
Umerudiwa. Ni Jumatano. R.B.