Sentimita Tatu

Nakata nywele za Mumo kisogoni, karibu kabisa na ngozi.
Sentimita tatu: miezi mitatu ya maisha yake.
Maabara itazisoma kama risiti ndefu ya duka,
hapa alilala fofofo, hapa alishtuka,
hapa homoni ya hofu ilipanda ikakataa kushuka.

Ana miaka minne. Anauliza kama zitaota tena.
Namwambia zitaota.
Swali lake halina nafasi kwenye fomu.

Barasa anamzungushia utepe kichwani, anataja namba kwa sauti.
Akeyo, wa mambo ya akili, ameweka peremende chini ya kikombe:
Ukingoja hadi nirudi, nitakupa mbili.
Mumo hakungoja.
Akeyo akaandika: *hawezi kujizuia.*
Syombua alikuwa akifua mlangoni, mikono povu hadi viwikoni,
hakuinua hata macho.
"Ana kaka watatu. Humu ndani, aliyengoja alilala njaa."
Akeyo akafuta. Raba ikatoboa karatasi.

Mimi ni wa maswali ya nyumba.
Kodi ni ngapi? Choo mnatumia milango mingapi?
Jana mlikula mara ngapi?
Kuna usiku wowote mliolazimika kukimbia?

"Mwezi wa nne," anasema, "tingatinga lilikuja saa kumi alfajiri.
Huu ukuta ulikuwa kule, ng'ambo ya mtaro.
Huyu nilimbeba na sufuria, nikasahau viatu vyake."

Leo ni Juni, Mukuru kuna baridi na moshi wa viwanda.
Nakunjua foili, nahesabu kwa ukucha kutoka ncha ya juu:
Juni. Mei.
Hapa.
Weusi uleule, wembamba uleule. Jicho langu halioni kitu.

Ofisini tutabishana hadi chai ipoe:
Barasa atasema damu, Akeyo atasema moyo,
mimi nitasema hati ya ardhi,
na Mumo atakuwa 0417 katika safu zetu tatu
zisizosalimiana.

Wiki iliyofuata nilipita kwao bila fomu.
Akanikimbilia, akainama, akanionyesha kisogo,
kiraka cha ukubwa wa shilingi tano.
"Angalia!"
Nikapapasa kwa kidole.
Zimeota, milimita mbili hivi,
ngumu kama za brashi ya viatu,
na hazimo kwenye utafiti.