Pembe ya Kushoto

Kule Haryana, binti wa nne akizaliwa
baba anayengoja mwana wa kiume
humwita Bhateri,
yaani: wametosha, Mola, basi.
Nahodha wetu aliitwa hivyo.
Alilibeba jina kama ndoo yenye tundu,
linamchuruzika mgongoni njia nzima
naye haigeuzi shingo.

Kabadi haitaki viatu wala mpira.
Inataka udongo, watu saba kila upande,
na pumzi moja.
Unavuka mstari ukitamka kabadi, kabadi, kabadi,
unagusa, unarudi kabla pumzi haijakatika.
Ukikamatwa umekufa. Kaketi nje.
Huwezi kujifufua:
mpaka mwenzako amwangushe mtu wa kwao
ndipo unaitwa kurudi.
Sijaona sheria nyingine
inayotamka wazi hivyo
kwamba uhai wangu umo viganjani mwako.

Mimi kazi yangu vifundo vya miguu.
Pembe ya kushoto. Nyuso sizijui.
Wasichana wa wilaya nzima nawatambua kwa visigino:
yule wa kovu la mundu,
yule wa hina iliyobaki ya arusi ya dadake.
Mkono wangu wa kulia ulishikwa na Murti,
kiganja chake kinatoka jasho hata Januari,
ukungu umelala juu ya haradali.

Fainali. Dakika nne. Nyuma kwa pointi moja.
Mara mbili tumevamia, mara mbili mikono mitupu,
na mara ya tatu sheria haina huruma: upate au ufe.
Sote tulimtazama Santro,
Santro wa miguu ya swala,
naye alikwisha kaza nywele.
Bhateri akamrudisha kwa kiwiko.
"Wewe bado."

Akaenda mwenyewe,
na goti bovu lililofungwa kipande cha mtandio wa mamake.
Wakamwangukia watano, kama magunia ya ngano.
Kocha Dharampal akatupa kofia chini.
Pointi mbili sasa. Watu wakacheka.
Nilimkasirikia, niseme kweli.
Kiongozi gani huyu,
anayekwenda kufa mchana kweupe?

Kutoka benchi hakupiga kelele.
Akatazama kifua cha mvamizi wao
na kunihesabia kwa vidole
pumzi iliyobaki ndani yake:
vinne,
vitatu,
viwili.

Nikaruka.
Goti lake likanipata tayani, jino likaenda zake,
kifundo sikukiachia, na Murti hakuniachia mimi,
tukawa mnyororo wa matope na damu,
mpaka sauti ile, kabadi, kaba, ka,
ikazimika.

Bhateri akafufuka, akaingia akichechemea.
Akampiga Santro begani.
"Sasa."

Aligusa wawili. Mnaijua picha:
gazeti lilimweka Santro angani,
na ukingoni, pale walipokata,
kuna mkono wa mtu umeshika bilauri ya maji.
Mimi simo. Nilikuwa natafuta jino.

Usiku, kwenye tela la trekta,
kabla dereva hajawasha,
alisimama akatuhesabu kwa kutugusa vichwa,
Murti, Santro, Kamlesh aliyesinzia, mimi na taya langu,
hadi wa sita, kisha akajigusa mwenyewe.
Saba.
"Bhateri," akamwambia dereva.
Tumetosha. Twende.