Konzi ya Mchele

Huku kwetu, milima ya Mizoramu, kabla sufuria haijainjikwa
mama hupima mchele wa nyumba nzima,
kisha huchota konzi moja, akaitia
katika kopo lililo kando ya jiko.
Hiyo si yetu tena. Ni ya kanisa.
Asubuhi konzi, jioni konzi.
Hata mwaka ule mianzi ilipochanua
na panya wakamaliza mashamba,
konzi ilikuwepo, ndogo, kama ya mtoto.

Kila Jumamosi mimi na Hmingthangi hupita na gunia,
mlango kwa mlango, ukungu ukitulowesha nywele,
tukimimina makopo, tukiulizia magoti ya wazee.
Mimi ndiye mwenye daftari.
Naandika kilo. Majina hatuandiki.

Ila nyumba ya Rualkhumi sikuingia.
Tangu nguruwe wetu alipovunja ua wake
akafukua tangawizi ya msimu mzima,
naye akaniita, mbele ya watu, mcha Mungu wa midomo,
nami nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa,
miezi saba tulikaa benchi moja,
tukaimba sauti ya pili bega kwa bega,
tukala mkate mmoja wa meza ya Bwana
wala hatukupeana hata hujambo.
Jumamosi nilibaki njiani nikifunga kamba ya kiatu,
Hmingthangi akaingia peke yake.
Kamba ile, Mungu anajua, haikuwa imefunguka.

Mwezi wa saba mvua iliporomosha barabara.
Thangvunga wangu alikuwa chini, na koleo lake.
Walimtoa hai, nyonga imevunjika mahali pawili.
Vijana wa kanisa walimbeba kwa machela ya mianzi
saa sita za matope, wakipokezana,
hakuna aliyehesabu zamu.

Niliporudi kutoka hospitali, wiki ya tatu,
nilikuta kuni zimepasuliwa, zimepangwa ukutani
na mtu asiyejua kupanga kuni
(nadhani mchungaji),
na mlangoni gunia.

Nililijua gunia lile. Nimelibeba miaka tisa.
Sikujua uzito wake linapokuja kwako.
Nilikaa kizingitini hadi giza likaniondoa.

Nikachambua mchele kwa taa.
Mweupe, mweupe, mweupe, kisha mwekundu.
Punje nyekundu hapa na pale,
kama mgeni aliyekosea harusi.
Kijiji kizima apandaye mchele mwekundu ni mmoja,
kule juu, kwenye mteremko ambao mbuzi huuogopa.
Nilizitenga. Kweli, nilizitenga,
nikafika punje arobaini, nikaona haya mbele ya paka.
Konzi hulisha; konzi pia hugonga utosi.
Usiku ule nilipata zote mbili.

Nikapika.
Nikameza wali wake kabla sijameza kiburi changu.
Hicho cha pili kilikwama zaidi.

Jumamosi iliyofuata niliingia.
Nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri,
yenye aya mbili za Maandiko.
Rualkhumi hakuyapa nafasi.
Alishusha kopo, akamimina, akaligonga kitako
ili punje ya mwisho idondoke.
“Nyonga yake?”
“Inashika.”
“Na nguruwe?”
“Yupo.”
“Mfungeni.”
Kisha akanisogezea kigoda kwa mguu,
akamimina chai, sukari kupita niipendavyo.
Nikainywa hadi machicha.

Daftarini, jioni ile: kilo thelathini na nane na nusu.
Hamna safu ya kuandika mengine.

Tangawizi yake sijailipa bado.
Nimepanda mistari minne nyuma ya nyumba, tutaona mvua itasemaje.
Nguruwe nimemfunga.
Kamba mbili.