Mkeka Uliosimama

Basi la chuo lilitushusha Maskati saa nne asubuhi,
wanafunzi thelathini wa uhandisi kutoka Sohari,
watu wa mabomba na vali na hesabu za shinikizo.
Tumeletwa kutazama sanaa, alisema mwalimu, tusije tukakauka.
Nje jua lilikuwa likikaanga magari.
Ndani, baridi ya friji, na sakafu inayong'aa
hata nikavionea haya viatu vyangu.

Wenzangu wakajaa mbele ya turubai la buluu,
buluu tupu, ukuta hadi ukuta.
Wakapigana picha. Nami nikapigwa, nikacheka pale pa kucheka.
Kisha nikatafuta choo, nikapotea,
nikaingia chumba kidogo kisicho na mtu,
nikaukuta mkeka.

Umesimama.

Miaka ishirini na mmoja nimeijua mikeka ikiwa imelala:
tumeilalia, tumeifuturia,
tumeanikia karafuu juu yake na kugombana mvua ikija.
Sijapata kuuona mkeka ukinitazama usoni.
Nusura niuamkie.

Kibandiko kilisema: majani ya mkindu, rangi za kuchemsha,
pwani ya Afrika Mashariki.
Msukaji hajulikani.

Nikasogea. Nikahesabu miyaa
kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye:
kumi na tatu, zambarau iliyochoka,
kumi na tatu, kijani kilichopauka,
na ukili wote umelalia upande usio wake.
Kwetu Kiuyu ukili hukimbilia kulia.
Huu ulikimbilia kushoto, toka pindo hadi pindo,
bila kuomba radhi.

Hajulikani? Mimi nilimjua jambo moja.
Alikuwa na shoto.

Nilipokuwa na miaka mitano mama alichukua kipande cha ukili
akaufunga mkono wangu huu kiunoni,
wakati wa kula, wakati wa kuandika alifu.
Hakuwa mkali. Aliwaonea haya wageni.
"Mkono huo una kazi yake, mwanangu,
na kazi yake haisemwi."
Miezi ikapita, nikawa wa kulia.
Kwa kulia nimefaulu, kwa kulia nimetia saini ufadhili,
na mpaka leo herufi zangu hutoka
kama maneno ya mkalimani aliyechelewa.

"Usiguse, dada."
Kiswahili, chenye lafudhi ya Bujumbura.
Mlinzi, Bi Thureya, kwa mujibu wa beji yake.
"Sijagusa."
"Naona hujagusa. Lakini unasuka."
Nikatazama. Vidole vya kushoto vilikuwa hewani,
vinakwenda, vinarudi, havina hata unyasi.
"Huku hawaji," akasema, "ila wanaotafuta choo."
Sikumwambia.

Nikampelekea mama picha.
Jibu likaja kwa sauti, sekunde hamsini.
Kwanza lawama: nani kautundika hivyo, pindo litafumuka.
Kisha pembe: aliyeshona hapa alikuwa na haraka,
au kaitwa na mtoto.
Kisha kimya, kuku, kengele ya baiskeli inapita.
"Kazija. Kazi ya mwenye shoto hiyo."
Kimya tena.
"Mzuri."

Basi. Nimeisikiliza mara nne
nijue neno lile kamvisha nani,
na lugha yetu haikunisaidia:
mkeka ni mzuri, msukaji ni mzuri,
mkono ni mzuri.

Njiani kurudi, tumeshaipita Barka,
taa za barabarani zinawaka moja moja,
nikaipasua tiketi ya makumbusho vipande vinne
nikaanza.
Ukili wa karatasi, mbovu, umepinda kama mkia wa mjusi.
Marwa, jirani yangu wa kiti, akavua vifaa vya masikioni:
unatengeneza nini?
Ngoja, nikamwambia.
Nimesahau kipande cha tatu kinapita juu
au chini.