Tisa kwa Mia

Katoni iliingia Katuba Jumanne jioni, kona moja imelowa,
begani mwa Kaseba wa malori ya Kasumbalesa.
Hakusema imeangukaje
na mimi sikuuliza. Deni lake
liko ukutani kwa mkaa tangu Pasaka.
Alisema tu: "Mama Numbi, piga hesabu, kisha futa ukuta."

Makopo ishirini na manne,
membamba kama wasichana wa shule ya masista,
na herufi zikishuka kutoka juu hadi chini
kama njiti za kiberiti mtoto alizozimwaga.
Banza, aliyefika mwaka wa tatu wa sheria
kabla karo haijamshinda,
aligeuza kopo, akakohoa:
"Hii njo Kichina cha zamani."
"Japani, mwalimu. Japani!" Kaseba akacheka.
"Kule Durban vijana wanapangia foleni.
Ndola wanafungulia harusi.
Hata hapa mjini, kwenye majumba yenye jenereta,
kinalala kwenye friji ubavuni mwa maziwa."

Lakini tarakimu ni za watu wote.
Tulisoma 9. Tulisoma 3. Kila moja na alama ya mia kando yake.
Tisa ya nini, tatu ya nini?
Banza akakata kesi: tunda tisa, pombe tatu,
kinywaji cha watoto wa komunyo.
Kopo la kwanza alilimaliza amesimama.
La pili likamkuta juu ya benchi, mkono kifuani,
akiimba wimbo wa taifa
wa nchi iliyokwisha kubadilishwa jina.
Basi tukajua tisa ni ya nini.

Ikabaki tatu.
Tunda lilichorwa la mviringo, shavu moja jekundu, jani moja,
tone la maji lisiloanguka.
"Pichi," alisema Kaseba, aliyewahi kuyaona
yakiuzwa kwa ndoo kando ya barabara za kusini.
"Pera," alisema Mujinga wa sombe,
mwenye mpera nyuma ya choo
na asiyeruhusu tunda lingine duniani.
"Masuku," alisema mtu gizani,
na watu wakanyamaza kidogo,
kwa sababu ilikuwa Oktoba, na masuku yalikuwa bado.

Mimi nilimimina kwenye kikombe cha munkoyo,
maana mdomo wa kopo siuamini.
Povu likapanda, likanong'ona, likafa.
Nikaonja.
Halikuwa pichi, halikuwa pera.
Ilikuwa tarehe nne Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara,
baba amerudi kutoka kwenye tanuru na zawadi ya kampuni:
kitenge cha mama, kuku wawili wa barafu,
na chupa moja ya sharubati
yenye rangi isiyoota popote Katanga.
Watoto saba, kijiko kimoja.
Nayo ilikuwa na picha ya tunda.
Hatukulijua jina, tukaliita tunda la kampuni,
na Kalenga, mdogo wetu,
alilamba karatasi ya chupa mpaka picha ikafutika.

Niliuza makopo ishirini na moja.
Mawili ya Banza nimeyaandika palepale mkaa wa Kaseba ulipofutwa;
ukuta haukupumzika hata usiku mmoja.
Asubuhi walikuja tena: "Ile ya Japani iko?"
"Imeisha. Kuna munkoyo."
Wakanywa munkoyo,
wakilalamika kwamba haitekenyi pua.

Mjukuu wangu alilikuta kopo langu chini ya meza.
Akaweka kidole juu ya lile shavu jekundu.
"Tata, hili linaota wapi?"
Nikamwonyesha kule, juu ya mabati,
upande wa bomba la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba,
maana ndiko baba yangu alikolichuma.
Akachungulia muda mrefu,
kiganja juu ya macho.
"Sioni mti," akasema.
Nikamwambia achukue kopo, akachezee nje,
na asijikate.