Jumamosi ya Midomo

Stoo ya shule, Mtoni Kijichi, inanuka grisi na mavi ya popo.
Nimeunganisha madawati mawili, nikatandika khanga ya mke wangu;
maandishi yake yamelaliwa na tromboni,
limechungulia neno moja tu: SUBIRA.

Ala tisa kwa watoto thelathini na wanne.
Tarumbeta tatu, moja imebonyea shavu.
Klarineti mbili. Ngoma, matoazi.
Tromboni inayokwama katikati kama lifti ya Posta.
Na tuba, pembeni, imenuna kama bibi harusi aliyecheleweshewa gari.

Chupa ya spiriti, kitambaa cheupe, ndoo ya maji.
Kanuni ya kwanza: hapulizi mtu nilipokuwa sijafuta.
Kanuni ya pili sijawaambia.

“Onesha meno,” namwambia Abednego.
Anacheka: pengo, pana kama geti la gereji.
“Linaota?”
“Limeshachungulia, mwalimu.”
Basi tarumbeta itakungoja mpaka Desemba.
Nampa fimbo za ngoma. Anapiga ngoma, anapiga dawati,
anapiga goti langu, na goti langu linaingia kwenye mdundo.
Namwandika kwa penseli.

Wanne wanaulizia saksafoni. Hatuna.
Wa tano anauliza tutakuwa nayo lini.

“Usipulize kama unapoza chai!
Bana midomo. Tema kokwa la zambarau.
Sasa brrr, kama ulivyoendesha gari la makopo.”
Darasa zima brrr,
mpaka mama wa vitumbua anachungulia dirishani
kuona ni mashine gani tumeletewa.

Chausiku anaitaka tuba.
Chausiku, kimo cha ndoo mbili.
Wenzake wanaangua kicheko, nami rula iko mfukoni,
inabaki mfukoni.
Anakaa. Tuba inammeza. Tunabaki na viatu vyake,
soksi moja juu, moja chini.
Kwanza upepo mtupu.
Upepo tena.
Kisha kitu kutoka huko ndani, kinene, kimepinda,
sauti ya ng’ombe aliyekumbuka jambo,
na kioo cha dirisha kikaitikia.
Kicheko kilikwenda wapi, sijui.

Saa tano anafika baba yake Tumsifu, fundi friji,
bisibisi bado sikioni.
“Huyu tarumbeta, mwalimu. Nataka nimwone anatembea mbele.”
Tumsifu anasema ndiyo, baba,
huku ameishika klarineti
jinsi unavyoshika mkono wa mgonjwa anayelala.

Nami nilipimwa hivyo hivyo.
Mwalimu wa bendi alitazama mikono yangu, mirefu,
akasema tromboni, akapita kwa mwingine.
Miaka ishirini na sita nimeipiga, na nimeipiga vizuri,
kama mtu anayeishi vizuri
kwenye nyumba ya kupanga.

Nikamwambia fundi: kaa kidogo, msikilize.
Tumsifu akapuliza. Mlio wa bata aliyekanyagwa.
Akalainisha mwanzi kwa ulimi, akarudia:
bata yule yule, ila sasa anaelekea mahali.
Baba mtu akatoa bisibisi sikioni, akaitazama,
akairudisha.
“Hii nayo,” akasema, “huwa inakaa mstari wa ngapi?”

Wa mwisho ni Sikudhani.
Amejaribu zote. Kila moja ameirudisha taratibu,
ameifuta mwenyewe, tena vizuri kuniliko mimi.
“Hakuna iliyokuita?”
Anatikisa kichwa. Halafu anaigusa ile yenye shavu bovu.
“Hii ilianguka?”
Ilianguka.
“Na bado inatoa sauti?”
Sikumjibu. Nilichomoa mdomo wa tarumbeta,
mdomo tu, bila tarumbeta,
nikamwambia ukae nao mpaka Jumatatu.

Mbele ya jina lake sijaandika kitu.
Nakunja khanga, nafunga stoo, kufuli linagoma kama kawaida,
na kutoka njia ya sheli, nyuma ya ukuta, naisikia:
brrr
inakatika
brrr
na mbwa wa mlinzi anainua kichwa, hajaamua bado
kama abweke.