Zamu ya Douwe

Upepo wa Friesland haupigi hodi.
Unatoka baharini, unaruka tuta,
unakukuta kifuani, zipu bado wazi.
Jumapili, alfajiri, tuko sita mstarini,
gurudumu nyuma ya gurudumu,
katikati shibiri moja tu ya lami.

Kanuni yetu haijaandikwa popote.
Wa mbele huumia, wa nyuma hupumua,
kisha kiwiko hutikisika kidogo,
kama cha mtu afukuzaye nzi,
naye hujitenga ubavuni, akarudi mkiani
akiitazama migongo aliyoikinga
ikimpita mmoja mmoja.

Gerbrich huvuta kilomita mbili bila kuhema.
Wiebe hukaza mno, tunamfokea: Taratibu, mstari unakatika!
Sjoerd huchunguza kwanza nyasi zimelalia wapi
ndipo aikubali zamu.
Tunamjua. Tunamsamehe kila wiki, kwa shida.

Na Douwe, fundi bomba mstaafu, miaka sabini na miwili,
aliyetufundisha sote kutogusa breki ovyo.
Tangu apasuliwe moyo mwezi wa pili
tumemlia njama:
akikaribia mbele, aliye mbele husahau kuwa ana kiwiko,
huendelea kuvuta, mapaja yakiwaka,
ili mzee abaki kwenye kivuli cha upepo.
Sina jina jingine
la mahali ambapo mwili wa mwenzio umekuwa ukuta.

Leo, palipo na kondoo tu, na tuta, na anga,
hakungoja kiwiko cha mtu.
Alichomoka, akatupita kushoto, polepole,
kama apandaye ngazi na beseni la maji,
akaingia mbele yangu.

Upepo ukamshika mabega.
Mwendo ukashuka: thelathini na nne, thelathini,
ishirini na sita.
Wiebe alifumba mdomo. Hata Sjoerd.
Mimi nilikodolea mnyororo wake,
safi, umetiwa mafuta usiku wa jana,
na soksi moja iliyoteremka,
nikahesabu. Pedali zilizunguka mara ishirini na tatu,
na mara zote ishirini na tatu
sikuusikia upepo.

Kisha kiwiko.

Alipokuwa akirudi, tukalingana bega kwa bega.
Uso umemwiva, mate yameganda kidevuni.
"Mimi si yai, Renske," akasema.
"Haya, vuta."

Nikavuta.